Barua Zilizoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Biryogo, Jumanne 27 Agosti 2024

Mpwa wangu Umutoni, mtoto wa marehemu dada yangu,

Salamu nyingi kuliko abiria wa Nyabugogo wiki ya Krismasi. Karatasi yako nimeipata. Xavérine aliitoa ndani ya kitenge cha maua ya njano, akanitupia mapajani kama ganda la muhogo, akasema, "Chukua, mzee wa maneno." Ana dharau huyo mama, lakini ndiye tuliye naye. Anatembeza vitenge huko Batsinda kila Jumanne na Ijumaa, na hakuna mume anayeweza kumkataza mke wake kushikashika vitambaa mlangoni.

Umesema tusipigiane simu tena. Nimekubali. Siku ile ulipokuja Nyabugogo na mwanao Alida mpande gari la Huye, mguu wako mmoja uko kwenye ngazi ya gari, mara mumeo Bertrand huyo, anachezesha funguo kidoleni kama mtu aliyekuja kupokea mgeni. Ulikuwa umeniambia mimi peke yangu, kwa simu. Unasema simu yako ndiyo iliyomwambia. Naamini kabisa, rwose. Mtu anayekula kwa kufunga kamera za ulinzi kwenye nyumba za watu anaweza kufunga kamera hata ndani ya jino.

Basi sasa tuko kwenye karatasi, na tuko kwenye Kiswahili, kile cha Buyenzi tulichokunywa na maziwa kule Bujumbura kabla ya kurudi huku. Cha Bertrand kinaishia "habari" na "mzuri". Hiyo kufuli ya kwanza. Kufuli ya pili ni mimi. Unanijua. Kwenye mto Ruzizi nilimtazama kiboko machoni mpaka akanipisha njia. Friji niliibeba kichwani kutoka Nyabugogo hadi Nyamirambo, juu yake chupa ya soda imefunguliwa, haikumwagika hata tone.

Nieleze kila kitu, mama. Karatasi za mtoto umezificha wapi? Nikijua, mpango utakaa sawa. Na uandike herufi nene kidogo. Macho yangu bado ni ya mwewe, nasema hivyo kwa ajili ya heshima tu.

Wako Mjomba Damascène
Msimamizi Mkuu wa Wapakiaji wa Nyabugogo, upande wa magari ya kusini


Batsinda, Ijumaa 30 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Naandikia chooni. Ndicho chumba pekee ambacho kamera haikifikii. Ile ya sebuleni alisema ni ya wezi. Nilimuuliza mbona inatazama kochi na haitazami mlango, akacheka tu.

Neno la siri la simu yangu analo. Nikienda nayo mahali, naye amekwenda. Juzi nilipita kwa muuza mkaa nikasimama dakika tano tu, jioni akaniuliza, "Mkaa umepanda?" Sikuwa nimemwambia kama nilitoka. Alida naye, baba yake amemletea saa ya plastiki ya rangi ya waridi, ina picha ya paka. Mtoto anaipenda sana. Majira haionyeshi sawasawa, lakini mtoto alipo inamwonyesha baba yake vizuri kabisa.

Hakuna hata kimoja nitakachovunja. Dada wa kliniki aliyenifunga mkono aliniambia: usizime kitu, usifute kitu, usibadili neno la siri kwenye simu hiyohiyo, maana ataona kwamba umejua, na hapo ndipo wanaume wa namna hii wanapozidi. Kila kitu fanyia nje ya vyombo vyake. Ndiyo maana nakuandikia.

Cheti cha kuzaliwa cha Alida na karatasi ya daktari inayosema mkono wangu ulipindwa viko nyuma ya picha ya harusi, ukutani. Bila hivyo siendi popote, Mjomba. Atasema nimemwiba mtoto, nami sitakuwa na la kuonyesha. Pale hatazami nyuma, anapenda kujitazama mbele.

Unajua alichoniambia siku ile tukirudi kutoka Nyabugogo? "Ningekuzuia nyumbani tangu asubuhi. Lakini nilitaka nikukute na begi mkononi." Kuzuia hakumfurahishi. Anachopenda ni kukamata.

Barua nimeishona pembeni kwa uzi mwekundu. Ukikuta umekatika, niambie. Ukimaliza kusoma, choma.

Umutoni


Biryogo, Jumanne 3 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Uzi ulikuwa mzima kama siku ulipotoka kwenye sindano. Nimesoma, nimechoma, majivu nimeyatia kwenye chai nikanywa. Sasa anayetaka siri yako atafute daktari wa tumbo.

Usiogope. Mimi nimewahi kubeba siri kubwa kuliko hiyo. Mwaka wa tisini na tatu Bujumbura walinifunga siku nne waniulize jina la mtu mmoja. Siku ya tano askari mwenyewe ndiye aliyeniambia siri zake, na analia. Nyuma ya picha ya harusi! Hapo umetumia akili ya mama yako. Tulia. Nami naangalia gari la kukufaa.

Mjomba Damascène
Kaburi la Siri


Batsinda, Ijumaa 6 Septemba 2024

Mjomba,

Karatasi amezichukua.

Jana alitoka kazini na kitambaa cha kupangusia. Miaka mitano ya ndoa sijamwona akipangusa kitu. Akapita televisheni, akapita meza, akaenda moja kwa moja kwenye picha ya harusi. Akapangusa kioo taratibu, akaigeuza. "Kumbe ukuta nao una mambo," akasema. Akazikunja, akaziweka mfukoni, akaniomba chai.

Hakunipiga. Hilo ndilo linalonitisha. Amekaa ananitazama nikichemsha maji, anatabasamu kama mtu anayejua mwisho wa filamu.

Nani alijua, Mjomba? Mimi. Wewe. Uzi.

Umutoni


Biryogo, Jumanne 10 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Mwizi nimempata. Ni Xavérine.

Nilimfuata kwenye kichochoro cha washonaji, karibu na msikiti, nikamwambia mbele ya cherehani zote, "Xavérine, umemuuza mpwa wangu!"

"Kwa nani?"

"Kwa mume wake!"

"Mwanaume anayenunua mke wake mara ya pili ni mjinga kuliko wewe, na sikujua kama inawezekana."

Washonaji wakacheka mpaka cherehani zikasimama. Nikamwambia alete mzigo niukague, akanipiga begani na ile rula yake ya mbao ya kupimia vitambaa. Mimi nikamwonea huruma kwa kuwa ni mwanamke, nikaondoka. Niliondoka kwa haraka kidogo maana nilikuwa na shughuli.

Lakini yeye ndiye. Tazama mwenyewe: nani mwingine ameshika barua? Na ule mdomo? Mtu mwenye mdomo ule hawezi kuwa na moyo mzuri. Endelea kumtumia kwa sasa, lakini shona mara mbili. Na ukipata karatasi nyingine, niambie mimi peke yangu umeziweka wapi.

Mjomba Damascène
Jicho la Biryogo


Batsinda, Ijumaa 13 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Nimesikia. Dada wa kliniki amenipatia nakala ya karatasi ya daktari, na cheti kingine cha mtoto nimekichukua ofisini. Vyote nimevifunga kwenye mfuko wa plastiki, nimeviweka chini ya pipa la maji, nyuma ya jiko.

Nimeshona mara mbili, mishono ishirini na miwili. Ihesabu mbele ya Xavérine kabla hujaikata.

Umutoni


Biryogo, Jumanne 17 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Nimehesabu. Ishirini na miwili, hakuna hata mmoja uliolegea. Xavérine alisimama mikono kiunoni, akasema, "Sasa niombe msamaha." Nikamwambia msamaha wangu hutoka Krismasi na Pasaka.

Kwa hiyo nimebaki nashangaa, lakini simwamini bado. Wako watu wanaosoma kupitia bahasha. Chini ya pipa ni pazuri. Nimesoma, nimechoma.

Mjomba Damascène


Batsinda, Ijumaa 20 Septemba 2024

Mjomba Damascène,

Jumamosi iliyopita asubuhi Bertrand alimwaga maji ya pipa zima, lita mia mbili, akaliinua. Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kazini.

Hapakuwa na kitu. Hapakuwahi kuwa na kitu. Nilikudanganya, Mjomba, na barua ile ndiyo pekee iliyosema pipa. Xavérine hakuisoma, uzi umemtetea, na wewe mwenyewe umehesabu. Aliyesoma ni mmoja.

Simu ile ya kioo unayoitembeza Nyabugogo, nani alikupa? Nilikuwa najisemea ni zawadi ya harusi tu. Sasa nauliza: alikupa ili umfanyie nini?

Mama yangu aliniambia nikipatwa na jambo nije kwako. Kwako wewe, si kwa mwingine. Kama umeniuza, niambie tu, nijue sina mtu, nijipange kama mtu asiye na mtu.

Umutoni


Biryogo, Jumanne 24 Septemba 2024

Umutoni,

Mimi! Mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua kutoka Buyenzi mpaka hospitali! Mimi niliyesimama siku ya gusaba, walipokuja kukuposa, nikawakatalia mpaka wakaongeza ng'ombe wa tatu! Sikulala tangu Ijumaa. Chai nimeiacha.

Simu alinipa, ndiyo. Niliiomba mwenyewe, tena mbele ya watu mia tatu. Nilisema mdomo uliomtoa binti kama huyu haustahili kurudi nyumbani na simu ya vibonye. Watu walipiga makofi, wewe mwenyewe ulicheka chini ya mtandio. Bertrand akanipa palepale, akakaa pembeni akanifungulia kila kitu kwa vidole vyake, akaunti, neno la siri, picha, kwa sababu mimi nilikuwa na wageni. Lakini kupokea simu si kumuuza mtoto wa dada!

Na nani anayesoma barua zako kwa uchungu kama mimi? Mwandiko wako ni wa sisimizi. Natoka nje kwenye mwanga, naipiga picha, naipanua kwa vidole viwili mpaka kila herufi inakuwa kubwa kama ndoo. Nasoma mara tatu. Ndipo nachoma. Mtu aliyekuuza angehangaika hivyo? Hata Bertrand mwenyewe aliniambia siku ile, "Mjomba, piga picha unavyotaka, hata simu ikianguka mtoni Nyabarongo, picha zako hazipotei." Mtu mbaya angenijali hivyo?

Nimeumia, mtoto wangu. Hilo ndilo nililotaka kusema.

Mjomba wako


Batsinda, Jumanne 24 Septemba 2024
(uzi mwekundu)

Mjomba wangu,

Kama unasikia maneno haya, ni Xavérine anayekusomea, na simu yako iko mfukoni. Nimemwambia akikuona unaitoa akupige na ile rula. Anasoma Kiswahili vizuri kuliko unavyodhani. Mwombe msamaha kwanza, maana ninapoandika hapa anasubiri mlangoni kwa ajili yako.

Nimesoma barua yako nimecheka mpaka Alida akaogopa, kisha nikakaa chini nikalia. Hukuniuza. Picha haichomeki kwa kiberiti, Mjomba. Akaunti aliifungua yeye, neno la siri analo yeye. Kila barua uliyoipanua kwa vidole viwili ilipanda mtandaoni ikamshukia kwenye simu yake, kubwa kama ndoo. Na Kiswahili chetu cha Buyenzi, siku hizi simu inatafsiri yenyewe.

Sasa nisikilize. Usiifute picha hata moja. Usiitupe mtoni. Usiwe na uso wa mtu aliyejua. Endelea kuringa nayo kama kawaida.

Karatasi zangu mpya ziko kwa Xavérine tangu Ijumaa, ndani ya vitenge vyake. Umepita mbele yake siku nne.

Kwenye mzigo huu kuna barua ya pili, yenye uzi mweupe. Hiyo ipige picha mwangani kama ulivyozoea. Na Jumamosi uwe Nyabugogo na mabegi mawili, yajaze chochote. Umesimulia uongo maisha yako yote bure. Jumamosi nisimulie mmoja wa kunifaa.

Ukishaisikia hii, aichome Xavérine. Wewe usiiguse.

Umutoni wako


Batsinda, Jumanne 24 Septemba 2024
(uzi mweupe)

Mjomba mpendwa,

Nisamehe maneno ya Ijumaa. Nimeamua. Jumamosi hii ni umuganda, magari hayatembei asubuhi, Bertrand atakuwa na majirani wanafyeka mtaro, kisha mkutano wa mtaa. Saa tano barabara zikifunguliwa nitamwambia nakwenda kusukwa kwa Mukagasana. Nitaiacha simu na saa ya mtoto kwake, asinione njia nzima. Saa sita au zaidi kidogo nitakuwa Nyabugogo, gari la Rusizi. Nimekutumia mabegi yangu mawili kwa Xavérine. Nishikie nafasi mbele.

Choma.

Umutoni


Biryogo, Jumanne 1 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Xavérine anasema barua hii itakufikia. Hasemi wapi, nami sijauliza. 

Amekuja, Umutoni! Saa tano na nusu yuko pale, matope ya umuganda bado kwenye buti. Akajificha nyuma ya mama wa maandazi, mtu mrefu kama yule, amejikunja kama mwavuli. Mimi nikayapandisha mabegi kwenye gari la Rusizi, nikayashusha, nikayapandisha tena. Ndani niliweka magunia matupu na viatu vyangu vya mvua. Nikawa naangalia barabarani kama mtu anayesubiri mtu. Usiniulize nilijifunza wapi, niliwahi kuwa mwigizaji mkubwa Bujumbura.

Hiyo ya mwisho si kweli. Niliogopa mpaka begi likanidondoka.

Ikafika saa saba akachoka kujikunja, akaja. "Mjomba, unamsubiri nani?"

"Mzigo wa watu."

"Watu gani?"

"Kaa nikusimulie," nikasema, "maana mzigo unanikumbusha friji." Nikamsimulia friji. Nikamsimulia kiboko. Hakuondoka! Kila dakika anaitazama simu yake, nami nikachungulia: ramani, na nukta mbili nene zisizosogea. Ulikuwa bado nyumbani. Simu yako imetulia kwenye chaji, saa ya Alida imetulia chumbani. Mtoto amelala, mama amekaa. Nikaelewa kwamba anasubiri utoke ndipo akukamate ukifika. Na wewe ulikuwa umeshatoka zamani kwa ule mlango kamera isiouona, mikono mitupu, kitu pekee mgongoni ni mtoto.

Gari la Rusizi liliondoka. Likaondoka na la pili. Saa kumi akasimama, akanitazama usoni. Nikamwambia, "Bado sijamaliza ya chupa ya soda." Akakimbia.

Jioni alikuja hapa Biryogo na ndugu yake, wakapekua chumba changu mpaka chini ya godoro. Akanishika shati. Nilikuwa tayari kumwonyesha yale ya Ruzizi, lakini Xavérine alitoka na rula, nyuma yake washonaji wote na mikasi mikononi. Sikupata nafasi ya kupigana.

Mjomba


15 Oktoba 2024

Mjomba,

Tumefika, tuko salama. Sitaandika wapi. Si kwa kuwa sikuamini. Usichokijua hakuna wa kukitoa kinywani mwako.

Simu ninayo mpya, ya kwangu, nimeifungua mwenyewe kwa vidole vyangu, na neno la siri hata Alida halijui. Karatasi ya daktari imefika kwa wanaotakiwa kuiona. Hapa nakaa mezani kuandika. Siku ya kwanza niliandikia chooni kwa mazoea, mwenye nyumba akagonga kuuliza kama naumwa tumbo.

Alida anaulizia paka wa saa yake. Nilimwambia paka alibaki kulinda mto. Niliiacha saa chini ya mto wake, kitandani. Ndiyo iliyolala mahali pake siku ile.

Nakukumbuka mpaka kwenye uongo wako.

Umutoni


Biryogo, Jumanne 22 Oktoba 2024

Mtoto wa dada yangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Kwa miwani. Xavérine alinishika mkono akanipeleka kwa daktari wa macho, akasimama mlangoni nisitoroke. Sasa nikwambie kweli: macho haya hayajawa ya mwewe miaka kumi. Niliona aibu. Msimamizi mzima wa wapakiaji asiyeweza kusoma jina kwenye begi. Kwa aibu hiyo nilimpa Bertrand barua zako moja moja, na mkono wako wa pili ungeweza kupindwa. Sina hadithi ya kuifunika hiyo.

Ile simu bado ninayo. Dada wa kliniki alimtuma Xavérine aniambie niiache ilivyo mpaka Bertrand aitwe polisi kwa ile karatasi ya daktari. Basi kila Ijumaa naketi, naandika barua kama inayotoka kwako, naishona kwa uzi mweupe, naitoa kwenye mwanga, naipiga picha. Kwa sasa uko Rusizi, unauza samaki wadogo wa Kivu. Umepata mwenye nyumba mkali, ana jicho moja. Wiki iliyopita ulinunua cherehani. Bertrand amekwenda Rusizi mara mbili kumtafuta mtu wa jicho moja. Maisha yangu yote nimesimulia, hata mama yako alikuwa anaondoka katikati. Sasa nimepata mtu mmoja anayeamini kila herufi.

Ile hadithi ya kweli, ya Jumamosi ile, ndiyo nzuri kuliko zote nilizonazo. Kwenye chai wananiuliza, "Damascène, mpwa wako yuko wapi?" Nakunywa chai. Wanadhani naumwa.

Usinijibu. Xavérine anasema kila barua ni njia, na njia hupitika pande zote mbili. Hamu ikinizidi nina dawa. Ile ya uzi mweupe nikishaipiga picha siichomi siku hiyohiyo. Naiacha mezani mpaka kesho yake. Asubuhi navaa miwani, nakata uzi taratibu, naisoma mpaka mwisho, kama vile imetoka mbali.

Damascène